Stara na Kicheko Katika Nyumba ya Magurudumu

Katika Marekani na Canada wako watu wengi ambao nyumba yao ina magurudumu. Nyingine huvutwa nyuma ya gari kama mkokoteni, na nyingine huendeshwa yenyewe kama basi. Ndani yake mna kitanda, meza, jiko, choo, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu, vyote vimebanwa pamoja kama vyombo katika sanduku la msafiri. Upana wake hauzidi futi 8 na nusu, kwani barabara hazikubali zaidi. Urefu wake ni futi 20 au 30, na yenye futi 40 huhesabiwa kuwa jumba. Zilizo nyingi hutengenezwa katika jimbo la Indiana, kandokando ya mji wa Elkhart, na katika mwaka 2021 viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya 600,000. Tamaa ya kutembea na nyumba si ya jana. Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa nyumba 41 za namna hii kutoka Cape Town mpaka Cairo katika miaka ya 1959 na 1960, akapita Kenya na Ethiopia.

Walakini nyumba hii ilibuniwa kwa ajili ya likizo na jua. Kuta zake ni nyembamba, mabomba yake hupita chini ya sakafu mahali pa upepo, na waliopanga vitanda vyake walidhani kuwa watu watakaolala humo watashinda nje mchana kutwa. Majira ya baridi huitia nyumba hii katika mtihani ambao haikufundishwa. Theluji ikianguka, mchana ukifupika, na baridi ikishuka digrii 20 au 30 chini ya sifuri, jamaa nzima hurudi ndani, baba na mama na watoto na mbwa wao, na mlango hufungwa kwa miezi minne au mitano.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba watu waliopitisha msimu kama huo huusimulia kwa kicheko. Waulize habari za nyumba ya matofali waliyokaa miaka kumi, watakosa la kusema. Waulize habari za msimu mmoja wa baridi katika nyumba ya magurudumu, na chakula kitapoa mezani. Mmoja ataanza, wa pili atamkatiza, wa tatu atafuta machozi kabla kisa hakijafika mwisho. Kicheko hiki ni kitu gani? Je, ni fadhila ya moyo ulioshinda taabu, au ni pazia lililotundikwa mbele ya taabu ambayo haikushindwa kamwe? Na kama ni fadhila, ni ya nani: ni ya wote waliokuwamo, au ni ya yule mmoja mwenye sauti kubwa?

Haifai kuhukumu kicheko kabla ya kujua kilichochekwa. Kwanza huchekwa maji. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika kila 100, na bomba halina nafasi ya kuyakaribisha maongezeko hayo. Asubuhi mama hufungua koki naye hapati hata tone. Ndipo baba, ambaye jana alikuwa mtu wa kuheshimiwa kazini, hutoka na koti juu ya nguo za kulalia, hulala chali juu ya theluji chini ya nyumba yake mwenyewe, na kuielekeza kwenye bomba mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, kana kwamba bomba hilo linakwenda arusini. Watoto humtazama dirishani. Miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Baada ya nusu saa maji huja, na aghalabu huja mahali pasipotakiwa.

Halafu huchekwa umeme. Nyingi za nyumba hizi huungwa kwa waya wa ampea 30, na kwa umeme wa Marekani hizo ni kama wati 3,600 kwa nyumba nzima. Mtambo mdogo wa joto wa umeme hula wati 1,500; birika la chai hula karibu kiasi hicho hicho; mashine ya nywele haidai chini yake. Viwili vyaweza kukaa pamoja kwa amani, lakini cha tatu kikiwashwa, swichi kuu huanguka na jamaa nzima huachwa gizani. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kunywa chai kwa siri. Mwenye kutaka chai lazima atangaze, "Nawasha birika!" naye hungoja kujibiwa kutoka kila pembe. Mataifa makubwa yamepigana vita kwa kukosa mashauriano ambayo hapa hufanywa mara tano kwa siku kwa ajili ya kikombe kimoja.

Mtambo wa joto unaotumia gesi nao una tabia zake. Feni yake huvuma kwa kishindo, na kila mtu hulazimika kupaza sauti. Kisha, joto likitosha, mtambo hunyamaza ghafula bila kuaga, na maneno yaliyokuwa yakipigiwa kelele hubaki uchi katikati ya chumba. Siri nyingi za mume na mke zimewafikia watoto kwa njia hii, na majina mengi ya utani waliyopewa wakwe yamejulikana humo. Gesi yenyewe ni propani, nayo imechaguliwa kwa hekima, maana huendelea kugeuka kuwa hewa mpaka digrii 42 chini ya sifuri, hali butani hugoma karibu na pale maji yanapoganda. Lakini hekima hiyo haikuufundisha mtungi adabu. Mtungi huisha saa tisa za usiku. Hapana aliyepata kuuona ukiisha saa tisa za mchana.

Na kuta hutoka jasho. Pumzi za watu wanne na mbwa mmoja, mvuke wa sufuria na nguo zilizoanikwa juu ya meza ya kulia, vyote huyarudisha maji yao kwenye ukuta ulio baridi. Gesi ya jiko huongeza yake: kila kilo moja ya propani inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Usiku maji hayo huganda, na mtoto aliyelala upande wa ukuta huamka blanketi limeshikwa na barafu, akavutwa na ndugu yake kama muhogo unaong'olewa shambani. Yote hayo ni mambo ya kuchekesha, na mwenye kusema kuwa si ya kuchekesha hajapata kumwona mtu mzima akigombana na soksi iliyogandamana na godoro.

Lakini chanzo kikubwa cha kicheko katika nyumba hii hutajwa kwa sauti ya chini. Choo kina tangi lake, na tangi lina koki yake, na koki, kama kila kitu kingine, huganda. Jamaa ambayo katika nyumba ya matofali isingetamka neno hili mezani hujikuta ikifanya mashauri juu yake asubuhi na jioni: limejaa kiasi gani, nani alitumia maji mengi, nani atatoka kwenda kulifungua. Mithali yasema siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni watu wote. Mlango wa choo ni ubao mwembamba usiozuia sauti. Hapana anayeumwa tumbo peke yake. Hapana anayelia peke yake.

Kwa Kiswahili jambo hili lina jina zuri kuliko katika lugha nyingine nyingi. Kinachokosekana katika nyumba ya magurudumu wakati wa baridi si nafasi tu, ni stara. Stara ni zaidi ya nguo na zaidi ya ukuta. Ni ile ruhusa ambayo watu hupeana ya kutoonekana: mzazi kuwa na hofu asionekane, mtoto kuwa na aibu asionekane, mume na mke kukosana na kupatana bila mashahidi. Nyumba za pwani zilijengwa na kipande hiki cha hekima ndani ya mpango wake. Ukumbi na baraza kwa mgeni, na vyumba vya ndani kwa wenyewe, na njia ilipindishwa ili jicho lisifike ambako mguu haukualikwa. Nyumba ya magurudumu haina pa kupinda. Mlango ukifunguliwa, macho hufika mpaka kitandani.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Arthur Schopenhauer, alitoa katika mwaka 1851 mfano mdogo ambao umeishi kuliko vitabu vyake vingi vinene. Siku ya baridi kali nungunungu walisogeleana wapate joto. Miiba ikawachoma, wakaachana. Baridi ikawarudisha, miiba ikawatenga, na hivyo wakaendelea kusogea na kuondoka mpaka wakagundua umbali wa kadiri ambao baridi ilivumilika na miiba pia. Schopenhauer alifananisha umbali huo na adabu ambayo watu hutendeana. Mfano huu ni mzuri, lakini una sharti ambalo mwenyewe hakulitaja: nungunungu wake walikuwa na mahali pa kurudi nyuma. Msitu ulikuwa mpana. Watie nungunungu wanne katika kisanduku cha upana wa futi 8, funga mlango mpaka mwezi wa Machi, na swali hubadilika. Hawawezi kuupata ule umbali wa kadiri hata wakiwa na adabu ya malaika. Basi watafanya nini na miiba yao?

Jibu la jamaa zilizopita katika mtihani huu ni kwamba walicheka. Na yaonekana kwamba kicheko kilichukua kazi ya ukuta. Mtu aliyeshindwa kuondoka mbele ya hasira ya mwenzake aliondoka kwa mzaha. Kwa muda wa kicheko hasira iliwekwa mbali, ikatazamwa kama kitu cha barabarani. Baba aliyelala chini ya bomba, akirudi ndani ana theluji katika nyusi, ana njia mbili tu. Aweza kuwa mtu aliyedhalilishwa mbele ya wanawe mahali ambapo hapana chumba cha kujificha. Au aweza kuwaeleza jinsi alivyozungumza na bomba na jinsi bomba lilivyomjibu. Akichagua la pili, yeye mwenyewe ndiye anayemtoa yule mtu wa theluji akae katikati ya meza wamcheke, naye anacheka pamoja nao. Amejisitiri kwa maneno.

Thomas Hobbes asingekubali. Katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651 alikihesabu kicheko kuwa mtoto wa kiburi: mtu huona upungufu kwa mwenziwe, hujipima naye, na ghafula hujiona bora. Kwa kipimo hicho watoto walioko dirishani ni wadhalimu wadogo, na joto lililowafanya wacheke ni la moyoni na la miguuni pia. Kuna kweli ndani yake. Hapana kicheko kitamu kama cha aliye ndani kumcheka aliye nje. Walakini Hobbes huyo huyo, katika maandiko yake mengine, alikiri kuwa mtu aweza kujicheka jinsi alivyokuwa zamani. Na hilo ndilo linalotokea jioni mezani. Saa mbili zimepita tu, lakini zimetosha. Katika nyumba ambayo hapana mahali pa kwenda, wakati ndio mahali pekee pa kwendea.

Henri Bergson, Mfaransa aliyeandika kitabu juu ya kicheko katika mwaka 1900, aliona jambo jingine: kwamba twaweza kumcheka mtu pale tu ambapo moyo umenyamazishwa kidogo, maana huruma na kicheko havikai katika kiti kimoja. Hapa nyumba ya magurudumu humjibu vizuri. Moyo waweza kunyamazishwa katika ukumbi wa michezo, ambako mchekwaji yuko jukwaani na mcheka hamjui. Lakini mchekwaji aliye hatua moja kutoka kwako, ambaye magoti yake yanagusa magoti yako na ambaye usiku mtalala pumzi zenu zikichanganyika, hakuachii moyo wako usinzie muda mrefu. Ukimcheka vibaya, utaiona dhara mara moja usoni pake. Yamkini ndiyo sababu mizaha ya jamaa hizi hurudi daima kwenye vitu: bomba, mtungi, swichi, koki, mbwa. Kitu hakina uso. Polepole na bila kuamrishwa na mtu, watu hujifunza kuipeleka miiba yao kwenye bati.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji Mfaransa wala Mwingereza kuwaambia kuwa kicheko chataka idhini. Wanao utani. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi, na kati ya makabila mengine mengi ya Tanzania, maneno ambayo kwa mtu baki yangekuwa matusi huwa ni haki, na mtani huja nayo hata msibani, ambako hufanya kazi na kutania kwa pamoja. Katika jamaa, babu humwita mjukuu wake mke wake, na mjukuu humtaka babu mahari. Lakini katika desturi hiyo hiyo baba na mwanawe hawakuachiwa utani. Kati yao iliwekwa heshima, na heshima ilihitaji nafasi: baba alikuwa na upande wake, mtoto wake. Nyumba ya magurudumu huivunja mipaka hiyo. Kwa miezi mitano baba na mama hugeuzwa kuwa babu na bibi za watoto wao, watu wa kutaniwa na kutania, na wala hapana aliyewafunza kanuni za utani. Kanuni zipo. Mtani wa kweli ajua la kusema na la kuacha, ajua kuwa atarudishiwa, na tena ajua kuwa jioni atakwenda kwao.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Chukua binti wa miaka kumi na mitatu katika nyumba hii. Mwili wake unabadilika kila mwezi, naye analala nyuma ya pazia. Kaka yake anacheka muda aliokaa chooni. Baba, ambaye jana alichekwa kwa ajili ya bomba, anaongeza neno moja kwa nia njema. Mama anatabasamu kwa uchovu. Katika nyumba ya matofali binti huyu angebamiza mlango, na mlango uliobamizwa ni sentensi kamili ambayo kila mzazi huielewa. Hapa hana mlango. Nje ni digrii 25 chini ya sifuri na giza. Kwa hiyo anacheka nao. Kicheko chake kinasikika sawa na cha wengine, na jioni ile inaandikwa katika kumbukumbu za jamaa miongoni mwa zilizopendeza.

Ni vigumu kulipata kosa hapa kwa kumtafuta mkosaji. Baba hakukusudia ubaya. Lakini kuna tofauti kati ya mzaha juu ya mtu awezaye kuondoka na mzaha juu ya mtu asiyeweza, na tofauti hiyo haimo katika maneno ya mzaha. Maneno yale yale yangekuwa utani katika nyumba yenye vyumba vinne. Baba na mama walikichagua kisanduku hiki, kwa kiu ya safari, au kwa kuchoka kulipa kodi, au kwa sababu walisoma mahali kuwa maisha machache ni maisha huru. Watoto walipakiwa pamoja na masufuria. Anayewapakia wengine katika chombo chake amejitwika deni la stara yao. Yeye aweza kujicheka kadiri atakavyo. Kumcheka abiria ni jambo lingine.

Wachekeshaji wa sinema walilijua pato la jambo hili mapema. Katika mwaka 1954 ilitoka filamu iitwayo The Long, Long Trailer, ambayo Lucille Ball na Desi Arnaz, waliokuwa mume na mke nje ya filamu pia, walicheza wachumba waliooana na kununua nyumba kubwa ya kuvutwa. Mke alipenda kuokota mawe mazuri kila walipopita. Mume alimwamuru ayatupe kwa ajili ya uzito. Mke akayaficha ndani, na mlimani mawe yakafichuka kwa kishindo. Watazamaji walicheka, na filamu yastahili kuchekwa. Lakini itazamwe tena kwa jicho la stara. Mke yule alinyimwa kitu kidogo cha kwake mwenyewe ndani ya nyumba iliyokuwa ya wote, akakitafutia maficho katika mahali pasipo na maficho. Anayesimulia kisa ni mume. Hata katika nyumba halisi za magurudumu huwa vivyo hivyo mara nyingi: baba husimulia bomba, na mama, ambaye kwa miezi mitano alikausha nguo za watu wanne juu ya meza moja na kuzifuta kuta kila asubuhi, huleta chai wakati wa kucheka.

Wako pia wale ambao hawakuchagua, wala baba wala mama. Katika mji wa Williston, huko North Dakota, neema ya mafuta iliyoanza karibu na mwaka 2008 ilileta wafanya kazi wengi kuliko nyumba, kodi zikapanda kupita kiasi, na watu na jamaa zao walipitisha baridi za kaskazini ndani ya nyumba za magurudumu zilizozungushiwa plaiwudi na marobota ya nyasi kavu ili upepo usipite chini. Baada ya kuanguka kwa mabenki katika mwaka 2008 wazee wengi waliopoteza nyumba zao waliingia barabarani. Habari zao zimo katika kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora katika mwaka 2021. Wengi wa watu hawa huikimbia baridi kwenda jangwa la Arizona, kwenye mji mdogo wa Quartzsite, ambako wamekaa jirani na matajiri wastaafu waliofuata jua kwa hiari yao. Ardhi ya serikali huko ilikodishwa kwa miaka mingi kwa dola 180 tangu katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Katika makaburi ya mji huo kuna piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia juu yake. Ni kaburi la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa kutoka nchi za Waturuki kwa kazi ya jeshi la Marekani katika miaka ya 1850 na kufa mwaka 1902. Kwa hiyo misafara ya leo imepiga kambi miguuni pa mtu wa misafara ya kale.

Watu hawa nao hucheka, na wengine wao hucheka kuliko wastaafu. Wana mizaha juu ya ndoo, juu ya betri, juu ya panya walioingia pamoja na nyasi kavu na kuzaliana chini ya sakafu bila kulipa kodi. Mtu aliye mbali akiusikia mzaha huo huona raha, na raha yake ni hatari. Husema moyoni, "Wanacheka; basi hawana shida." Mwenye nyumba aliyepandisha kodi husema hivyo, na mwajiri anayetoa mshahara usiotosha chumba husema hivyo. Lakini kicheko cha aliyebanwa si hati ya kumwachilia aliyembana. Ni mali ya aliyebanwa, naye amekitengeneza kwa vifaa vyake mwenyewe ili apate nafasi ambayo dunia haikumpa. Hapana mwingine mwenye haki ya kukitumia kama ushahidi. Kumnyima kicheko hicho kwa kumwambia kuwa hali yake ni ya kusikitisha tu ni ukatili wa pili. Anajua kuwa ni ya kusikitisha. Yeye ndiye anayelala upande wa ukuta.

Na liko jambo moja ambalo kicheko hakina ruhusa kuligusa, kwa aliyechagua wala kwa aliyelazimishwa. Katika kila nyumba hizi hufungwa king'ora kidogo cha kuonya juu ya gesi ya ukaa yenye sumu, ambayo haina rangi wala harufu na huzaliwa pale moto unapoungua bila hewa ya kutosha. Vyombo vya onyo ni vyepesi wa kulia. Kile cha moshi hulia nyama ikikaangwa. Hiki cha gesi hulia betri ikichoka, na huchoka, kama mtungi, saa tisa za usiku. Huwa mzaha wa nyumbani: hupewa jina, husingiziwa kuwa ni mama mkwe, na usiku mmoja mtu huamka, hukitoa betri huku wote wakicheka chini ya mablanketi, naye huziba tundu la hewa kwa taulo kwa sababu ya baridi. Watu wamekufa hivyo usingizini. Jamaa iliyozoea kukifanya kila kitu kuwa mzaha huanza kusahau kuwa baadhi ya vitu havikuwekwa hapo kwa ajili ya mzaha, na kisanduku cha futi 8 hakisamehe usahaulifu.

Kuna jamaa zilizotunga sheria zao bila kuziandika. Katika moja, kitanda cha mtoto hakiguswi wala hakitajwi. Pazia likishuka, aliye nyuma yake huhesabiwa kuwa amesafiri, na anayemtaka hungoja arudi. Katika nyingine watu wote huvaa makoti na kutoka kwa robo saa kila jioni, hata theluji ikianguka, ili mmoja wao abaki ndani peke yake, na zamu huzunguka. Majirani huwaona wamesimama gizani karibu na gari wakipiga miguu chini, huwadhania wamefungiwa nje, na kisa hicho nacho huongezwa katika vichekesho. Lakini yule aliyebaki ndani kwa robo saa, akiusikiliza mtambo ukivuma na kunyamaza, hukaa kitako bila kufanya lolote.

Theluji ikiyeyuka jamaa nyingi huuza nyumba hizi, au huziegesha, na kuhamia penye vyumba. Kila mmoja hupata mlango wake na hulala nao umefungwa. Kwa wiki kadhaa mtu jikoni huendelea kutangaza kuwa anawasha birika, ingawa umeme ni tele, na mtu kutoka chumba cha mbali humjibu. Baadaye huja wageni, na baba huombwa asimulie kisa cha bomba. Husimulia vizuri, mara nyingi kimekuwa kirefu kuliko mwaka jana. Wakati huo mgeni mwenye busara hufanya vema kutomtazama baba. Pembeni mwa meza hukaa mmoja anayecheka kwa kuchelewa kidogo, huku anakipanga chakula chake katika sahani. Huyo ana kisa chake cha msimu ule, nacho si cha bomba, na hapana bado aliyemwuliza.